Ini Langu na Mkeka wa Mama Mkwe

Daktari aliuliza swali la pombe akiwa ameinamisha kichwa, kalamu juu ya karatasi, kama mtu anayeuliza mwaka wa kuzaliwa. Aliyejibu ni mke wangu. Alicheka kwanza.

"Dokta, huyu? Baba yake alikuwa muadhini. Kwao hata siki hawatii kwenye kachumbari mpaka waulize imetoka wapi."

Nami nikasema, "Astaghfirullah," kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Wakati ule zilikuwa zimepita saa ishirini na mbili tangu chupa ya mwisho. Nakumbuka kwa sababu mimi nahesabu. Mimi ni dalali wa mananasi. Nanunua mashambani Kiwangwa, napakia kwenye malori pale Msata, na mzigo unakwenda Dar. Kila nanasi nalihesabu mara mbili, likitoka shambani na likipanda lori, maana hapo katikati mananasi huota miguu. Pombe nayo niliihesabu mara mbili, ikiingia mfukoni na ikiisha. Chupa ndogo nne za pombe kali kwa siku, siku ya kupakia tano, na huo ulikuwa mwaka wa sita. Hesabu sikukosea hata siku moja. Nilichokosea ni kudhani kwamba mtu anayejua idadi si mlevi. Mlevi, kwa hesabu zangu, alikuwa yule anayesahau amekunywa ngapi.

Nilikunywa Msata tu. Bagamoyo, kwenye mitaa yetu ya Mji Mkongwe, ukishika chupa ya soda vibaya habari inafika nyumbani kabla yako. Msata watu wanashuka kwenye basi, wananunua mahindi ya kuchoma, wanapanda, wanakwenda Tanga au Moshi, na hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Nyuma ya vibanda vya mafundi wa matairi kulikuwa na benchi, na benchi lile lilinijua kuliko mke wangu. Wakati wa kurudi nilitafuna karafuu tatu, na tukikaribia mjini mbili zaidi. Nyumbani nilisema jino linauma. Jino likauma miaka sita, na hakuna aliyenipeleka nikaling'oe. Sijui ni nani kati yetu aliyekuwa hataki kujua.

Kilichonipeleka kwa daktari ni macho. Mke wangu alinishika kidevu asubuhi moja uani, akanigeuzia kwenye mwanga, akasema, "Mbona manjano?" Kabla ya hapo hamu ya kula ilikuwa imekwisha, na chini ya mbavu za kulia kulikuwa na kitu kama ngumi iliyosahauliwa mle ndani. Nilisema ni uchovu wa njia. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaanza kunitibu uchovu huo.

Yeye ni Mkwere wa Vigwaza. Kila Jumamosi alikuja Bagamoyo, akatandika mkeka wake sokoni karibu na wauza vitunguu, akapanga mafungu: majani ya mlonge, magome, mizizi iliyofungwa kwa ukindu. Wateja wake walikuwa wanawake. Dawa ya mchango wa watoto, dawa ya mgongo baada ya kujifungua, dawa ya kurudisha hamu ya kula. Hii ya mwisho ndiyo aliyonipa mimi, chupa ya lita moja, mlonge na tangawizi na mzizi mmoja ambao jina lake la Kikwere sikuwahi kulishika. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Wiki tatu nilikuwa nakunywa dawa yake nyumbani na dawa yangu Msata.

Basi daktari, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, akanigeuzia karatasi ya majibu. Kulikuwa na herufi tatu tatu, AST, ALT, GGT, kila moja na namba yake, na kila namba na mshale uliotazama juu. Mia mbili kumi na mbili. Tisini na nane. Mia sita na arobaini.

"Hivi ni vimeng'enya," alisema. "Ini ni kama kiwanda, hawa ni wafanyakazi wake. Kazi yao iko ndani. Nje huwa tunawakuta wachache tu. Ukiwakuta wamejaa barabarani namna hii, ujue ukuta umebomoka."

"Na inatakiwa iwe ngapi?"

"Hawa wawili wa juu, arobaini kushuka chini. Huyu wa tatu, sitini hivi."

Nikaisoma karatasi kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Ilitoka vilevile.

"Kama si pombe," akaendelea, "kuna dawa yoyote ya kienyeji unatumia?"

Mke wangu akatazama viganja vyake. Alikuwa anapima amtaje mama yake au asimtaje, na alipima kwa muda, kama inavyompasa mtoto. Mimi sikupima.

"Ipo, dokta. Mama mkwe ananipa. Wiki ya tatu sasa."

Katika kazi yangu, ukiona mtu anauza kitu kwa haraka vile, bila hata kutaja bei ya kuanzia, ujue kitu chenyewe si chake.

Daktari aliandika. Niliiona kalamu inavyokwenda na nilijua inaandika nini. Akasema niache dawa zile siku hiyohiyo, zote, tone lisibaki. Tungepima tena baada ya wiki mbili. "Zikishuka," alisema, "tutajua ni hizo."

Nikatoka pale na woga wa kweli. Mtu anaweza kumdanganya daktari na bado akamwamini. Ule ukuta uliobomoka niliuona kila nilipofumba macho. Jioni ile mke wangu alimwaga chupa ya mama yake kwenye shina la mpapai, na mimi moyoni nikamwaga ya kwangu. Niliacha vyote viwili siku moja. Hapo ndipo hesabu ilipoharibika, maana vitu viwili vikiondoka pamoja, kinacholaumiwa ni kile kilichoonekana.

Siku ya pili mikono ilianza kutetemeka. Siku ya tatu nilitokwa jasho nikiwa nimekaa kivulini, moyo unakimbia, chai inamwagika kabla ya kufika mdomoni. Daktari aliniambia baadaye kwamba mnywaji wa kiasi changu akikata ghafla peke yake anaweza kuanguka degedege na kufa, na kwamba ningesema ukweli angenipa dawa za kunishusha taratibu chini ya uangalizi. Sikuwa nimesema ukweli. Nilitetemekea kwenye mkeka wa nyumbani, na mke wangu akanipangusa jasho akisema, "Sumu inatoka hiyo. Mama kaniulia mume."

Hakusema kwa ubaya. Alisema analia. Nami nikamwacha alie.

Dada yangu mkubwa alikuja na maji ya zamzam kwenye kichupa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, na huwa haingii nyumba ya mtu bila kufunua masufuria. Alinitazama, akamtazama mke wangu, akakaa.

"Mizizi ya Vigwaza hiyo," alisema. "Mnaniambia ni ya hamu ya kula. Hamu ya kula gani? Mwanamume mzima, miaka yote hii hagombi, hatoki usiku, kila anachopata anakabidhi nyumbani. Sisi tukadhani ni tabia njema."

"Dada, unasema nini?"

"Nasema limbwata."

Limbwata ni ile dawa ambayo mwanamke, au mama yake kwa niaba yake, anamwekea mume kwenye chakula ili awe mtiifu kama mbuzi wa kamba. Ukisema neno hilo kwenye mji kama wetu hulirudishi tena.

"Si limbwata, dada. Ningejua."

"Aliyelishwa limbwata hajui kalishwa. Ndiyo kazi yake."

Nimebishana bei na madalali wa Dar, watu wanaoweza kukuuzia kivuli chako, lakini sijakutana na hoja iliyofungwa pande zote kama ile. Jibu moja tu lingeifungua, nami nilikuwa nimelikalia. Nikanywa zamzam. Mikono ikatetemeka, dada akaona mitetemo ni ushahidi.

Jumamosi iliyofuata habari ilikuwa imeshatangulia sokoni. Sikuwepo, yaliyotokea niliyasikia kwa mke wangu, naye aliyasikia kwa muuza vitunguu. Mama mkwe alitandika mkeka kama kawaida. Mwanamke wa kwanza alifika na kumrudishia mafungu mawili ya mchango wa mtoto, moja limeshatumika nusu. Hakudai kitu, aliyaweka tu juu ya mkeka kama mtu anayerudisha sahani yenye ufa. Akaja wa pili. Wa tatu hakufika kabisa, alimtuma jirani. Mpaka adhuhuri mkeka ulikuwa na mali nyingi kuliko ilivyokuwa asubuhi. Akakunja, akapanda gari, akarudi Vigwaza.

Wiki mbili zikafika. Tukapima. AST tisini, ALT sitini na moja, GGT mia tatu thelathini. Daktari alitabasamu. Mke wangu alishika karatasi kwa mikono miwili, na tulipotoka nje alimpigia dada simu, akamsomea namba moja moja, kwa sauti, pale barabarani, bajaji zinapita. "Zimeshuka, wifi! Zimeshuka zote!" Na kila namba iliyoshuka ilikuwa shahidi dhidi ya mama yake. Nilisimama pembeni nikijisikia mzima kuliko nilivyojisikia kwa miaka mingi. Nilikuwa nimekula maandazi matatu asubuhi ile. Usingizi ulikuwa umerudi. Macho yalikuwa meupe. Afya yangu ilimhukumu mama mkwe kila wiki, nami ndiye niliyekuwa nakula maandazi.

Mama mkwe alikuja siku mbili baadaye. Hakuja na mkeka, alikuja na kuku. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba," kisha akakataa kiti nilichomsogezea. Akakaa chini, kwenye jamvi, miguu ameikunja upande mmoja, kuku amefungwa miguu kando yake. Mke wangu alikuwa jikoni na mlango uko wazi.

"Mkwe wangu," alisema, "nimefundishwa dawa hii na mama yangu, naye na mama yake. Nimempa kila mtu. Nimewapa wanangu. Lakini macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Labda nilichimba mzizi mwingine. Labda nilizidisha. Sikukusudia. Nimekuja kukuomba radhi."

Mke wangu alitokea mlangoni akasimama, mwiko mkononi. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri.

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, jua liko juu, tulikuwa watu watatu na kuku mmoja. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni hiki:

"Nimekusamehe, mama."

Akashukuru. Akaniombea Mungu anizidishie afya. Mke wangu alimchinjisha yule kuku kwa jirani, akampika, na mimi nikapewa ini lake, kwa sababu mgonjwa wa ini, walisema, hula ini. Nikala.

Nimejaribu mara nyingi kulipunguza jambo lile, kulikata hapa na pale mpaka libebeke. Nimesema nilikuwa mgonjwa. Nimesema nilimlinda mke wangu na aibu. Bei haishuki. Mwanamke wa umri ule alikaa chini mbele yangu, akaniomba msamaha wa kosa langu, nami nikampa kama mtu mkarimu.

Baada ya hapo aliacha kuja sokoni. Mke wangu, ambaye watoto wetu wote walilelewa kwa dawa za bibi yao, alimwambia kwenye simu asiwaletee tena chochote, "mpaka tujue, mama." Nafasi ya mkeka ikachukuliwa na mafungu ya bamia.

Kipimo cha tatu kilikuwa wiki ya sita. Siku hiyo mke wangu alikuwa na msiba wa jirani, nikaenda peke yangu. Daktari aliweka karatasi tatu mezani, kwa mstari, kama mtu anayepanga karata. Ya leo ilisema thelathini na nane, thelathini na tano, mia moja na kumi.

"Hawa wawili wamesharudi ndani," alisema. "Huyu wa tatu huwa mzito kurudi, lakini yuko njiani. Hongera." Kisha akavua miwani. "Nikuulize kitu. Mke wako hayupo."

"Uliza, dokta."

"Mizizi inaweza kuharibu ini, sikatai, nimeona kwa macho yangu. Lakini karatasi yako ya kwanza ilinisumbua. Huyu wa kwanza alikuwa zaidi ya mara mbili ya wa pili. Na huyu wa tatu alikuwa juu kupita kiasi. Namna hiyo naijua inakotoka mara nyingi. Na dalili ulizonisimulia, mikono, jasho, siku ya pili na ya tatu, mtu akiacha mlonge hatetemeki hivyo." Akanisogezea karatasi. "Uliacha nini kingine siku ile?"

Nilitazama zile karatasi. Namba tatu, mara tatu. Ile karatasi ya kwanza nilikuwa nimeisoma kila siku na sikuwahi kugawa namba ya kwanza kwa ya pili. Mimi, wa kuhesabu kila kitu mara mbili.

"Pombe kidogo," nikasema.

"Kidogo ngapi?"

"Chupa ndogo mbili."

"Kwa siku?"

"Kwa siku."

"Basi niandike nne," alisema, akaandika. "Sisi huwa tunazidisha mara mbili. Nimekosea?"

Hakukosea. Ndiyo mara pekee niliyoshindwa bei na mtu ambaye hata hakuinua sauti.

Alinieleza mengine kwa utulivu. Kwamba ini la mtu kama mimi, akiwahi, husamehe sana. Kwamba vimeng'enya vimeshuka kwa sababu pombe imekatika, na nikirudi Msata navyo vitarudi. Kwamba namba nzuri si cheti cha kuanza upya, tungepiga picha tuone kama kuna makovu. Siri, alisema, ni yangu, hatamwambia mtu. "Lakini humu kwenye faili niliandika dawa za kienyeji. Hilo nitalirekebisha leo. Huko nje nani atarekebisha?"

Nilimwambia nitafikiria. Akavaa miwani akaita mgonjwa mwingine.

Nilifikiria siku tatu, kisha nikaenda Vigwaza. Ipo njia fupi, ya Mlandizi. Nilipita ile ndefu, Msata mpaka Chalinze halafu kurudi na barabara ya Morogoro, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika. Pale Msata basi lilisimama dakika kumi. Vibanda vya matairi vilikuwepo, na nyuma yake najua benchi lilikuwepo. Sikushuka. Siwezi kujisifu kwa hilo. Nilikuwa nimekaa dirishani na mama mmoja mnene sana alikuwa amekaa njiani na mizigo yake, na nilimshukuru Mungu kwa kila kilo.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mtama. Aliponiona alifunga khanga vizuri, akataka kuingia ndani kuleta kiti. Nikamwambia asilete. Nikakaa chini, na alishangaa, kwa kuwa mkwe hakai chini mbele ya mama mkwe bila sababu.

"Wazima huko?"

"Wazima, mama. Mama, nimekuja kukwambia neno. Si dawa yako."

Aliendelea kushika ungo.

"Nilikuwa nakunywa pombe. Miaka sita. Msata. Siku niliyoacha dawa yako ndiyo siku niliyoacha pombe. Ini limepona kwa sababu ya pombe kukatika. Daktari anajua. Dawa yako haikufanya chochote."

Hilo la mwisho sikulisema vizuri, nikaona uso wake. "Haikudhuru chochote," nikasahihisha.

Kuku wawili walisogea kwenye mtama na hakuwafukuza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeuliza njia:

"Uliniambia umenisamehe."

"Ndiyo, mama."

"Ulinisamehe nini?"

Niliomba radhi. Niliomba kwa maneno yote ninayoyajua, na mimi maneno ndiyo mtaji wangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mkwe," alisema, "mimi nimetukanwa sokoni. Wewe unakuja kuniomba radhi uani."

"Nitamwambia mwanao. Nitamwambia dada."

"Hao ni wa nyumbani."

"Unataka nifanye nini, mama?"

Akachukua ungo, akapepeta mara mbili, makapi yakaruka upande wangu. "Jumamosi nitakuja na mkeka. Utakaa na mimi. Atakayeuliza, utamjibu wewe."

"Jumamosi ngapi?" Ulimi huu. Wallahi, hata pale ulitafuta kupunguziwa.

"Mpaka waache kuuliza."

Mke wangu nilimwambia jioni ile. Akasema, "Zile karafuu." Halafu, "Mimi nilidhani una mwanamke Msata." Alikuwa ameishi na mwanamke huyo wa kufikirika kwa miaka, amempa mpaka rangi ya baibui. Hakujua amchukie nani sasa. Kisha akakumbuka, nikaona anavyokumbuka, akashika mdomo. "Nilimwambia mama yangu asiwaguse wanangu." Akaenda kulala chumba cha watoto, na akalala huko wiki mbili. Dada yangu, nilipomwambia, aliinua mikono kichwani. "Afadhali ingekuwa limbwata!" alisema. "Limbwata lina dawa. Mtoto wa muadhini! Nitawaambia nini watu?" Nikamwambia awaambie hivyo hivyo. Baada ya kitambo nilimwona anatafuta viatu, na nikajua anakwenda Vigwaza kuomba radhi yake mwenyewe, na kwamba hataniambia alijibiwa nini. Hajaniambia.

Jumamosi tuliwahi. Muuza bamia alisogeza mafungu yake bila maneno. Nadhani alifurahi kuona sinema. Mama mkwe akatandika, akapanga. Mimi nikakaa kwenye ncha ya mkeka, magoti juu, katikati ya wanawake wa soko zima, kama nanasi lililoachwa kwenye mafungu ya mchicha.

Wa kwanza kuuliza alikuwa binti mwenye mtoto mgongoni. "Bibi, hii ndiyo ile ya ini?"

Mama mkwe akanyoosha kidole kwangu bila kunitazama.

"Iliyoniharibu ini si hii," nikasema. "Ni pombe. Nilikunywa kwa siri nikamsingizia yeye."

Binti akacheka kwa kushtuka, akamtazama bibi, akanitazama. "Makubwa," alisema, akaenda bila kununua. Wa pili aliniuliza pombe gani. Wa tatu, muuza vitunguu mwenyewe, aliniuliza mara nne ingawa alikuwa amesikia mara tatu za kwanza, kila shoga yake alipopita alimwita, "Njoo umuulize shemeji hapa." Mpaka adhuhuri nilikuwa nimesema mara kumi na tisa. Yalitoka mafungu mawili tu. Jumamosi ya pili mara kumi na moja, mafungu matano. Nilianza kuona mwisho wake, na nikawa nimelizoea lile jibu kiasi cha kulisema haraka haraka, kama mtu anayetaja bei ambayo hatarajii ikubaliwe.

Jumamosi ya tatu nikaona fimbo na kanzu iliyopigwa pasi. Alikuwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha alifu na be kwa kiboko na kashata, rafiki wa marehemu baba. Kati ya watu wote wa mji ule, yeye ndiye ambaye nilikuwa nimevuka barabara kwa miaka sita ili nisimpumulie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Mbona umekaa na kina mama? Unauza mizizi siku hizi?"

Mama mkwe angeweza kunisaidia. Angesema, ananisindikiza tu. Aligeuka upande, akaanza kufunga upya fungu la mlonge lililokuwa limefungwa vizuri.

"Nilikuwa nakunywa pombe, mwalimu," nikasema. "Nikamsingizia mama huyu kwamba dawa yake imeniharibu ini. Nimekaa hapa kusema si yeye."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikio hili limekufa, mwanangu. Sema kwa nguvu."

"Nilikuwa nakunywa pombe."

"Nguvu!"

Nikasimama. "Nilikuwa mlevi, mwalimu! Miaka sita! Nikamsingizia mama mkwe wangu, nikamvunjia jina!"

Soko likanyamaza mpaka upande wa samaki. Sijui kama ni sekunde tano au dakika. Ni kitu kimoja katika maisha yangu ambacho sikukihesabu. Mwalimu alinitazama usoni muda wote huo, na hakutingisha kichwa, wala hakusema Mungu amsamehe mja wake, wala neno lolote ambalo lingeniwezesha kutazama chini.

Kisha akainama kwa shida, akashikilia fimbo, akamwamkua mama mkwe vizuri, akaokota fungu moja, akauliza, "Una ya magoti?"

"Ipo," alisema mama mkwe. "Hiyo uliyoshika ni ya hamu ya kula. Chukua hii. Uichemshe mpaka maji yawe mekundu."

Alimweleza kwa kirefu, vikombe vingapi, kabla ya chakula au baada, na mwalimu akarudia kila neno kwa sauti ya kiziwi, soko zima likisikia. Walipofika katikati ya maelezo, wanawake wawili waliokuwa wamesimama nyuma yake walichuchumaa kwenye mkeka, wakaanza kugeuzageuza mafungu.